Mkuu, futa hizo picha kwanza

Mangi, umeuliza mambo matatu: hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasimwige) inagharimu kiasi gani, inakulinda mpaka Kenya au inaishia Namanga, na kama kusajili jina la biashara kunatosha. Halafu chini kabisa, kama mtu anayeaga mlangoni, ukaandika kwamba mashine yako ya kukamulia mafuta ya parachichi unaipeleka kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Njiro, Arusha, mwezi ujao "ili watu waione". Na picha umebandika tatu, moja mashine imefunguliwa tumbo. Zifute sasa hivi ndipo uendelee kusoma.

Mimi yangu niliipeleka hapohapo. Ilikuwa mashine ya kukatia chakula cha ng'ombe. Mnaofugia ndani mnajua: ukitia mabingobingo inakata vizuri, ukitia mgomba ni balaa. Nyuzi zinajiviringisha kwenye shafti, mota inanguruma, mkanda unanuka mpira, unazima, unachukua kisu na kukaa chini kuchambua kama unamfumua mtoto nywele. Nilihangaika nayo miezi minane nyuma ya nyumba huku Tengeru mpaka nikapata dawa yake: chanuo la chuma pembeni ya visu, limelazwa kidogo, linaisugua shafti kila inapozunguka. Nyuzi hazipati pa kushika. Chenyewe ni upana wa kiganja tu, lakini uvumbuzi ulikuwa pale. Kwingine kote ni vyuma chakavu na mota iliyotumika.

Sasa kulikuwa na mshauri wa wajasiriamali. Simtaji, nina watoto wa kusomesha. Koti, kadi za biashara, semina ya siku mbili ukumbini na chai ya saa nne. Akanishika bega akaniambia: "Onyesha kwanza, soko likikubali ndipo uhangaike na makaratasi." Watu arobaini tukaandika sentensi hiyo kwenye madaftari. Mpaka leo nikiona koti la rangi ile mjini navuka barabara, si kwa woga, ni kwa usalama wake.

Basi nikaonyesha. Kifuniko nilikifungua mwenyewe, nikatia mgomba, nikawaambia watu waangalie pale kwenye chanuo. Mtoto wa kaka yangu akarekodi video ya dakika nne, akaipandisha YouTube, akaweka na mshale mwekundu unaoonyesha chanuo lilipo. Mshale mwekundu, wakuu! Nikaisambaza kwenye magrupu yote mpaka la kwaya.

Miezi 19 baadaye, soko likiwa limekubali, nikahangaika na makaratasi. Wakala wa kuniandalia maombi na michoro alinila shilingi 2,800,000, hela ya ng'ombe wawili wa maziwa, na kazi yake aliifanya vizuri, sina ugomvi naye. Ripoti ya ukaguzi ikarudi na vielelezo viwili vya kupinga kwamba uvumbuzi wangu ni mpya. Cha kwanza hati ya zamani ya kikatio cha miwa, hakikunitisha. Cha pili kilikuwa kiungo cha video. Nikakifungua. Anayetokea mwanzo ni mimi, nimevaa fulana ya ushirika, nachekelea.

Upya wa uvumbuzi unapimwa kwa dunia nzima, mkuu. Kitu kikishawekwa hadharani kabla ya tarehe ya maombi, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumika, hesabu kimeshaharibika, hata kama aliyekionyesha ndiye aliyekibuni. Na wala si uonevu. Serikali inakupa miaka ya kuwazuia wengine, wewe unatoa siri yako iandikwe na kila mtu aisome. Mimi siri nilishaigawa bure pale Njiro, nikaja dukani na mfuko mtupu nadai chenji.

Asije mtu hapa na hoja ya kipindi cha msamaha. Marekani wanampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipotangaza mwenyewe, Ulaya karibu hawampi kitu. Mimi nilikuwa na miezi 19. Ungetegemea msamaha gani hapo?

Mwaka uliofuata napita Unga Limited, naliona chanuo langu kwenye karakana ya mtu, limepakwa rangi ya bluu. Nikakimbilia kwa mwanasheria nikitetemeka. Akaniuliza swali moja: "Hataza yako namba ngapi?" Yule fundi hakuiba chochote. Nilimfundisha mimi, na mshale nikamwekea.

Kwa hiyo tarehe kwanza, maonyesho baadaye. Peleka maombi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni; yakishapokelewa na kupewa tarehe, hata kama hataza yenyewe bado, nenda Njiro ukapige ngoma. Maelezo yawe kamili siku hiyohiyo, maana ulichosahau huwezi kukipachika baadaye. Na kuanzia tarehe hiyo una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Na swali lako la Kenya jibu lake ni hili: hataza ya BRELA inaishia Tanzania Bara, Zanzibar wana usajili wao. Ukitaka kuvuka Namanga, kuna ARIPO ya Harare, shirika la nchi za Afrika la miliki ubunifu: ombi moja unachagua nchi wanachama unazotaka. Jina la biashara linalinda jina, si mashine.

Kabla ya tarehe, anayelazimika kuona asaini mkataba wa siri, hata fundi wa kuchomelea. Atacheka, mwache acheke. Mimi siku hizi fremu nachomelea Sakina, sehemu yenye akili naichonga kwingine, hakuna anayeona kitu kizima. Nina chanuo jipya linalojisafisha lenyewe, hilo la bluu haliligusi. Maombi yameshaingia na tarehe ninayo, na bado nimelifunika gunia. Jirani anadhani nafuga sungura.

Gharama sijakujibu, najua, nitarudi jioni. Naona picha mbili umeondoa. Ile ya tumbo wazi bado ipo.