Kabla hujaigusa rauta ya mteja: kwa mafundi wapya wa mtandao huku kusini

Wadogo zangu, nianze na kosa langu, maana najua mtakuja kulirudia.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchi nzima. Kesho yake karani wa ghala moja la korosho hapa Mtwara mjini akanipigia: "Fundi, mtandao umekufa, na msimu ndiyo huu." Kufika, taa ya intaneti nyekundu. Sikuuliza, sikupima. Nikaazima pini ya hijabu yake, nikaichomeka kwenye kile kitundu cha nyuma, nikairudisha rauta kama ilivyotoka kiwandani. Jina na nywila za mtoa huduma zikafutika zote.

Siku kama tano baadaye intaneti ikarudi. Majirani wote wakawa hewani, ghala lile likakaa siku mbili zaidi huku mimi nahangaika kutafuta nywila. Karani hakunitukana. Alinitazama tu, akasema, "Kwa hiyo ya kwetu uliizima wewe."

Sasa tuelewane jinsi inavyozimwa. Hakuna swichi moja kubwa mahali fulani. Ila milango ni michache. Ukifungua ukurasa wa nje ukiwa Mtwara, data inakwenda kwanza Dar es Salaam, na huko ndiko zinakotua nyaya za baharini kama EASSy na Seacom. Wanaozishika njia hizo ni makampuni yenye leseni, na leseni inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Serikali yoyote ikitaka kufunga haina haja ya kumtuma mtu na panga akate waya Mikindani. Amri ikishuka kwa makampuni, kampuni inajua leseni yake iko mkononi mwa nani.

Misri ndiyo darasa zuri. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011, watoa huduma wakubwa waliondoa matangazo yao ya njia, yale ya BGP, lugha ambayo mitandao huelezana njia, yanayoiambia dunia "namba hizi za IP (anwani za mashine mtandaoni) ziko kwangu." Njia kama 3,500 zilitoweka kwa muda mfupi. Nyaya zilikuwa nzima na mashine zinawaka, ila dunia haikujua tena Misri inafikiwaje. Ilirudi tarehe 2 Februari.

Kwenye simu za mkononi kuna mtego unaowanasa wapya wengi. Sauti na data hupita kwenye mitambo tofauti ndani ya kampuni, kwa hiyo data inaweza kufungwa na simu zikaendelea kuita. Mteja atakuonyesha mnara umejaa vipimo vyote. Vile vipimo vinasema simu inauona mnara, basi. Habari ya huko mbele havina.

Halafu kuna kubana bila kuzima: kuzuia baadhi ya mitandao tu, au kupunguza kasi mpaka picha isifunguke. Kuelekea uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, watu wakakimbilia VPN, programu inayoipitisha data yako kwa kificho kupitia seva ya mahali pengine. Lakini VPN ni bomba ndani ya bomba. La nje likikauka, la ndani litapitisha nini? Mwaka jana nimekuta mzee wa watu kamlipa kijana amwekee VPN kwenye laini iliyokufa kabisa. Msiwe kijana yule.

Kwa hiyo pima kuanzia karibu kwenda mbali. Ping rauta yenyewe, yaani itumie ujumbe mdogo uone kama inajibu. Ikijibu, ping lango la mtoa huduma. Kisha seva iliyoko Dar, kisha namba ya nje kama 8.8.8.8, na mwisho jaribu jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likagoma, shida iko kwenye DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Dar ikijibu na nje kimya, toa mkono kwenye rauta.

Mei 2024 mnakumbuka mvua zilivyoikata barabara ya Lindi pale Somanga. Tarehe 12 mtandao ukazorota, na mjini kila mtu, na mimi mmoja wao, akasema mafuriko yamesomba faiba. Nikapima: seva ya Dar inajibu vizuri tu. Kumbe EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika baharini, huko upande wa Afrika Kusini. Tope la Somanga tulilisingizia bure.

Ukishajua, mwambie mteja ilivyo: "Vifaa vyako vizima, njia imefungwa mbele, itakaporudi utaona mwenyewe." Kubuni sababu za kisiasa si kazi yako, na tarehe ya kurudi usiahidi. Mkumbushe kwamba menyu za nyota na reli, zile za pesa za simu, hazitumii data, kwa hiyo ajaribu malipo huko kabla hajamfukuza mwenye deni. Uzito wa magunia uandikwe kwenye daftari mpaka mtandao urudi.

Siku hizi kila rauta ninayofunga naiandikia mipangilio yake kwenye karatasi, naibandika ndani ya kabati. Pale ghalani karatasi kaibandika karani mwenyewe. Na kile kitundu cha nyuma kakiziba kwa plasta ya kidonda.