Kasi ya mapigo au kasi ya wimbi la mpigo?

Msomaji wa Sinza anaandika ikisiri ya Kiswahili ya utafiti wake wa hisabati, unahusu damu inavyopita mwilini, kaweka sentensi hii: "Kasi ya mapigo ya moyo ni kubwa kwenye mishipa migumu kuliko mishipa laini." Msimamizi wake kaikataa, sasa msomaji huyu anauliza kosa liko wapi.

Ndugu yangu, sarufi yako haina shida. Shida ni kwamba ukimsomea nesi yeyote pale Mwananyamala hiyo "kasi ya mapigo ya moyo" yeye anaelewa moyo unapiga mara ngapi kwa dakika, 70 au 80 hivi, wakati wewe unaongelea mita kwa sekunde! Unachopima wewe ni ule msukumo unaoanzia moyoni ukakimbia kufuata mshipa, kwa hiyo andika "kasi ya wimbi la mpigo". Mpigo, umoja, maana kila mpigo una wimbi lake.

Na usifupishe ukasema "kasi ya damu", hapo ndo wengi wanateleza. Damu yenyewe hata kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, moyo ukiwa unasukuma kabisa, inakwenda kama mita 1 kwa sekunde, ila wimbi linakwenda mita 5 mpaka 10, na mishipa ikishakakamaa kwa uzee au presha linazidi hapo. Ni kama pale Magogoni watu wakiwa wanasubiri pantoni, wa nyuma akisukuma msukumo unafika getini sasa hivi, yeye mwenyewe bado yuko kulekule nyuma. Ndo maana mimi natenganisha mpaka vitenzi: damu inatiririka, wimbi linasafiri, ukuta wa mshipa unatanuka na kunywea. Ukishika hivo hata fomula ya kasi hii ya Waholanzi wawili, Moens na Korteweg, ya 1878 inasomeka vizuri tu kwa Kiswahili, kasi ya wimbi ni kipeuo cha pili cha hesabu hii yote: (ukakamavu wa ukuta mara unene wake) gawanya kwa (kipenyo cha mshipa mara densiti ya damu).

Neno mshipa nalo linabeba mengi, mtaani mtu akisema anaumwa mshipa anaweza kuwa na ngiri. Tumia ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na wingi ni ateri hizi, sio maateri. "Laini" nayo itoe, msomaji atadhani umesema dhaifu.

Andika hivi: "Wimbi la mpigo husafiri kwa kasi zaidi kwenye ateri zilizokakamaa kuliko kwenye ateri zinazotanuka kwa urahisi."