Tusomeshe watoto wangapi ili fedha zisikatike njiani?

SWALI: Asalaam aleikum, mhasibu. Sisi ni kikundi cha watu 40 tuliozaliwa vijiji vya Pangani. Wengine tupo Tanga mjini na Dar es Salaam, wengine bado ni wavuvi na wakulima wa minazi huko huko. Tunachanga shilingi 10,000 kila mtu kwa mwezi na benki tuna milioni 12. Januari tunataka kuchukua watoto 20 wa kaya maskini wanaoingia kidato cha kwanza, tuwashike hadi chuo kikuu. Tumekadiria 600,000 kwa mtoto kwa mwaka. Fedha tuiweke wapi ili itoshe? Katibu wa kikundi, Pangani.

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu katibu. Nitafika kwenye mahali pa kuweka fedha, lakini kilichonishtua ni hiyo 20. Watoto 20 kwa 600,000 ni milioni 12, yaani akiba yenu yote mwaka wa kwanza. Michango ikilipwa kamili ni milioni 4.8 kwa mwaka. Mimi huhesabu robo tatu tu, maana kuna misiba, kuna maradhi, kuna miezi bahari haitoi kitu. Inabaki milioni 3.6. Kwa hiyo mwaka wa pili mtakuwa na milioni 7.2 mkononi, yaani michango ya miaka miwili, na mahitaji ya milioni 12. Fedha zitakatika karibu na Agosti, watoto wakiwa kidato cha pili, miezi michache kabla ya upimaji wa kitaifa. Mtoto ameshahama kwao, anakaa chumba cha kupanga karibu na shule, halafu kodi haipo. Hilo nawaomba sana msilifanye.

Ada siyo inayomrudisha mtoto nyumbani. Kidato cha kwanza hadi cha nne hakuna ada tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kinachomrudisha ni kodi ya chumba au hosteli, mchango wa chakula, sare, madaftari, nauli na taulo za kike. Makadirio yenu ya 600,000 yamezingatia hayo, nami nayakubali. Yamesahau sehemu mbili.

Ya kwanza ni kidato cha tano. Mtoto hupangiwa shule ya bweni, pengine mkoa mwingine, na fomu ya kujiunga inadai godoro, shuka, ndoo, viatu na michango, vyote kwa pamoja. Masomo huanza Julai. Ninyi mnaijua Julai ya Pangani: kusi linavuma, vyombo vingi haviendi mbali, na michango ya wavuvi ndiyo inayopungua. Mahitaji makubwa kuliko yote yanawakuta katika msimu wenu mbaya. Wekeni 900,000 kwa mwaka kwa kidato cha tano na sita, na fedha ya Julai iwe tayari tangu Machi.

Ya pili ni kipindi cha kutoka kidato cha sita hadi mkopo wa kwanza uingie. Chuo kikuu mzigo mkubwa hubebwa na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, na yatima na watoto wa kaya maskini ni miongoni mwa walengwa wake. Lakini mwombaji lazima awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi, vifo na wadhamini, na yatima awe na cheti cha kifo cha mzazi. Huko kwetu mtoto huandikishwa shule kwa jina la babu, cheti kikatoka na jina la baba. Rekebisheni akiwa kidato cha kwanza, kungali na muda. Tengeni 600,000 kwa kipindi hicho.

Jumla kwa mtoto mmoja: milioni 2.4 za kidato cha kwanza hadi cha nne, 1.8 za cha tano na sita, na 0.6 za kusubiri mkopo. Ni milioni 4.8, sawa na michango kamili ya mwaka mzima ya watu wote 40.

Chukueni watano. Kwa miaka sita, kwa hesabu yangu ile ya robo tatu, mtakusanya milioni 21.6, ukijumlisha na 12 ni 33.6. Watoto watano, bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, watagharimu kama milioni 27.3. Hiyo milioni sita na ushei inayobaki ndiyo kinga yenu. Mwaka wa tatu, michango ikiwa imesimama vizuri, zungumzeni kuhusu kundi la pili.

Sasa mahali pa kuweka. Gharama za mwaka mmoja zikae benki au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha hutoka ndani ya siku chache. Kama milioni 6 nunueni hatifungani ya Serikali ya miaka mitano, yaani mnaikopesha Serikali kwa muda huo, na riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka. Itaiva watoto wakiwa kidato cha tano. Mtashawishiwa ya miaka 20 au 25 kwa kuwa riba yake kwa kawaida ni kubwa zaidi. Kataeni. Mkilazimika kuiuza kabla haijaiva, mnaweza kupata pungufu ya mlichoweka.

Fedha isikae kwa jina wala simu ya mweka hazina, hata akiwa mcha Mungu. Sajilini bodi ya wadhamini RITA, akaunti na hatifungani ziwe kwa jina la bodi.

Katiba yenu itaje pia asiyechaguliwa kidato cha tano: fungu lake limpeleke chuo cha ufundi cha VETA au chuo cha kati. Na binti atakayepata ujauzito asifutwe. Tangu Novemba 2021 Serikali inamruhusu kurudi shule baada ya kujifungua, basi fungu lake limsubiri.

Wale 15 waliobaki msiwaahidi kusomeshwa. Wapeni sare na madaftari ya Januari, 60,000 kila mmoja, jumla 900,000 kutoka kwenye ile kinga, na kila mzazi aambiwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba ni mara moja tu.