Usiandike barua ya kuacha kazi kabla bodi ya madaktari haijakaa

Barua hiyo usiipeleke, kaka. Umesema una miaka 53, kisukari kimekutia ganzi miguuni na kukupunguzia nuru ya jicho la kushoto, na mwisho wa mwezi huu unaacha kazi kwa hiari yako ukalime Kilosa kama alivyofanya marehemu baba yako alipostaafu. Ukauliza kama ni kweli kizazi chetu kinachakaa mapema kuliko cha wazazi wetu, na kama fedha utakazopata uziweke kwenye mahindi au kwenye kuku wa mayai. Wenzangu hapo juu wamekupa mahesabu ya kuku kwa ukarimu mkubwa, lakini hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama kuna daktari aliyeandika popote, kwa tarehe na kwa sahihi, kwamba uwezo wako wa kufanya kazi umepungua. Nasema kwa uchungu kwa sababu nyumbani kwangu barua ya namna hiyo ilishapelekwa, na hadi leo tunailipia.

Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha watu binafsi jijini Dar es Salaam. Jioni moja aliingia sebuleni akiwa na kandambili mguu mmoja tu, nyingine ikiwa imebaki kwenye mchanga wa uani, naye hana habari. Nilipomwonyesha alicheka, kisha akanyamaza. Baadaye kikaja kidonda chini ya kidole gumba ambacho hakukihisi mpaka kilipotoa harufu, kidole kikakatwa, na macho nayo yakaanza kumchanganyia tarakimu za leja. Alikuwa na umri kama wako.

Aliporudi kazini, afisa utumishi alimwita ofisini akamfungia mlango na kuzungumza naye kwa sauti ya upole. Alimwambia aandike barua ya kuacha kazi ili aondoke kwa heshima, kwa kuwa akisubiri kampuni impeleke kwa daktari ataonekana mzigo na mafao yake yatachelewa. Mtu yule alisomea kazi yake na alikuwa na sheria za kazi kwenye kabati nyuma ya kiti chake. Alijua barua ile ilimwondolea mwajiri gharama zote na kumtwisha mgonjwa. Miaka imepita na bado sijapata neno la kistaarabu la kumwita, kwa hiyo sitamwita chochote. Rafiki wa mume wangu naye alimhakikishia kwamba mafao ni mafao, utoke mlango huu au ule, fedha ni zilezile. Si kweli hata kidogo, na hapo ndipo ninapotaka utulie unisome polepole.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa sekta binafsi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mume wangu alikuwa ametumia chache tu, na alipoandika barua zilizobaki zikapotea. Mwajiri akikuachisha kazi kwa sababu ya afya, anapaswa kukulipa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hesabu isiyozidi miaka kumi, lakini anayeacha mwenyewe hana la kudai. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa mgonjwa, apate maoni ya daktari, azungumze naye na atafute kama ipo kazi nyepesi anayoiweza. Kwa barua moja ya hiari, mwajiri wetu hakulazimika kutafuta chochote. Hata fao la kukosa ajira halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa kupenda.

Hayo yote, kaka, ni madogo. Kubwa ni pensheni ya ulemavu. Kwa mwanachama wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi wa sekta binafsi, ambaye hajafikisha miaka 60, bodi ya madaktari inapojiridhisha kwamba amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, anaweza kulipwa pensheni ya kila mwezi ikiwa amechangia miezi 180, au ikiwa amechangia angalau miezi 36 na 12 kati yake ni ile iliyotangulia ulemavu wenyewe. Mume wangu alianza kama kibarua, na waajiri wake wa mwanzo hawakumchangia hata senti, kwa hiyo miezi 180 hakuwa nayo. Mlango wake ulikuwa huo wa pili, na ulikuwa wazi siku aliyokaa ofisini kwa yule afisa, kwa sababu michango yake ilikuwa inaingia kila mwezi. Barua ikaikata. Tukakaa nyumbani tukiuguza kidonda, macho yakazidi, na ilipotufikia habari ya bodi ya madaktari, muda wa kutosha kuuvunja mfululizo ule wa miezi 12 ulikuwa umeshapita. Dirishani pale NSSF aliulizwa maswali mawili tu: ulemavu ulianza lini, na karatasi ya daktari ya wakati huo iko wapi? Tulikuwa na madaftari ya kliniki yaliyojaa vipimo vya sukari, ila hapakuwa na hata mstari mmoja unaosema kwamba akiwa bado kazini alishindwa kusoma leja au kusimama zamu nzima. Mwishowe alilipwa mkupuo wa mara moja badala ya pensheni. Mkupuo huo uliishia kwenye dawa, kwenye bati na kwenye madeni ya duka la jirani.

Sasa hilo la vizazi, maana naona ndilo linalokutuma Kilosa. Wazee wetu tuliowaona wakistaafu wakiwa na nguvu za kulima walikuwa ni wale waliosalia. Sensa ya 2002 iliweka umri wa kuishi wa Mtanzania kwenye miaka 51 hivi, na ulipita 60 katika sensa ya 2012. Wengi wa rika la baba zetu hawakufika kwenye kustaafu, na walioanguka ghafla chooni au shambani walizikwa bila mtu kuwapima presha hata mara moja, majirani wakasema wamerogwa. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba wazee wote walikuwa na afya kuliko sisi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ulemavu umebadilika sura na umebadilisha umri wa kuingia. Katika rika letu, mtu mwenye ulemavu ofisini mara nyingi alikuja nao tangu utotoni, ule mguu wa polio, kwa kuwa mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975 na wengi wetu tulikuwa tumeshazaliwa. Kwa wadogo zetu miguu ya polio imekuwa adimu. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu robo yao wana shinikizo la juu la damu na takriban mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure 2004, na watu ambao zamani tungewazika wakiwa na miaka 40 leo wanakaribia kustaafu. Yote hayo ni heri. Tunaishi, ila tunaishi tukiwa na kiharusi, figo dhaifu, macho yaliyofifia na miguu isiyohisi, na tunayapata mambo haya tukiwa kazini, katikati ya miaka ya hamsini, michango ikiwa inakatwa kila mwezi.

Ndiyo maana hakuna mzee wa kutushauri juu ya pensheni ya ulemavu. Baba yako hakuihitaji, na wangu pia hakuihitaji. Wao ama walifika 55 au 60 wakaaga kwa sherehe, ama walikufa wakiwa kazini na mirathi ikaenda kwa mjane. Mpango wa kustaafu ukalime umetengenezwa na watu waliostaafu wakiwa na miguu inayohisi mwiba. Wewe ukishika jembe na ganzi hiyo, utakata ngozi asubuhi na kugundua usiku, na utakuwa Kilosa kijijini, mbali na kliniki, bila mwajiri.

Fanya hivi basi. Kesho nenda kliniki yako ya kisukari, mwombe daktari apime hisia za miguu na akupeleke kwa daktari wa macho akaangalie nyuma ya jicho, kisha mwombe aandike kwa tarehe jambo ambalo mwili wako hauwezi tena kulifanya: kusimama saa ngapi, kusoma maandishi ya ukubwa gani, kubeba nini. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi, kwa sababu bodi inapima uwezo uliopotea, na wapo wenye kisukari kwa miaka mingi wanaofanya kazi vizuri kabisa. Chukua nakala ya kila karatasi. Omba likizo ya ugonjwa kwa maandishi. Omba pia, kwa maandishi, upewe kazi nyepesi, na jibu la mwajiri lihifadhi hata kama ni la kukataa. Taarifa ya michango yako ichukue mwenyewe uhesabu miezi, usiridhike na kuambiwa ipo. Ukiwa mtumishi wa umma taratibu ni za PSSSF, mfuko wenu wa pensheni, na likizo yenu ina masharti yake, lakini huko nako ni bodi ya madaktari inayotangulia, barua baadaye.

Na yeyote atakayekufungia mlango na kukuomba uandike kwa hiari, mwambie unasubiri bodi. Usigombane naye, usitie sahihi, na usikubali hata barua aliyokwisha kukuandikia ili uokoe muda. Ukipata tarehe ya bodi, andika hapa hapa kabla hujaenda, nami nitakuelekeza karatasi moja baada ya nyingine, kwa sababu zote ninazo kwenye bahasha ya mume wangu.