Usipime ampea moja kwa moja kwenye betri

Ndugu, hiyo mita ya kupimia umeme iache mezani kwanza. Umeandika kwamba utaupachika waya mwekundu kwenye tundu la 10A (yaani ampea 10), uguse chanya na hasi ya betri yako ya volti 12 ili ujue "inatoa ampea ngapi", kisha utumie namba hiyo kutafuta ukinzani (kiasi ambacho kitu huzuia mkondo wa umeme, hupimwa kwa omu) na nguvu ya balbu, na baadaye saa ambazo betri itadumu na fyuzi inayofaa. Hatua ya kwanza tu itakuunguzia mita, na namba utakayoiona kabla haijazima haitahusiana na balbu hata kidogo.

Betri huleta volti. Ampea, yaani kipimo cha mkondo, huamuliwa na kitu ulichokiunganisha. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, mkondo ni volti gawanya kwa ukinzani, na mita iliyowekwa upande wa ampea imetengenezwa makusudi iwe na ukinzani mdogo mno ili isiubane mkondo unaopimwa. Ukiigusisha kwenye betri, hakuna balbu njiani ya kuzuia chochote. Tuseme mita, nyaya zake na betri yenyewe vina jumla ya omu 0.1: 12 gawanya kwa 0.1 ni ampea 120, na 12 mara 120 ni wati 1,440, ambazo zote zinageuka joto, sehemu kubwa ikiwa kwenye nyaya zilizokusudiwa ampea 10. Mita nyingi za bei ya chini zimeandikwa kando ya tundu hilo kwamba halina fyuzi, kwa herufi ambazo mtu huzisoma vizuri zaidi baada ya moshi kutoka. Mimi nilizisoma kwa utulivu kabisa, huku plastiki ya waya ikiwa imenigandia kidoleni.

Aliyenifundisha ujinga huu ni mwalimu mmoja wa video, mwenye sauti ya kujiamini, aliyesema pima volti, pima ampea, zidisha, bila kutaja kwamba vipimo hivyo viwili haviunganishwi kwa namna moja. Yeye alionyesha kwa betri ndogo ya tochi, ambayo ukinzani wake wa ndani ndio uliomwokoa, halafu akawaambia watu wafanye vivyo hivyo kwa betri yoyote. Hadi leo anashukuriwa. Nadhani waliounguza mita bado wanatafuta nyingine.

Ampea hupimwa kwa kuikata saketi. Chomoa waya mmoja wa balbu, weka mita katikati ya waya huo na betri, ili mkondo wote upite ndani ya mita baada ya kupita, au kabla ya kupita, kwenye balbu. Volti hupimwa kwa kugusa pande mbili za balbu ikiwa inawaka. Ukipata ampea 1.75 na volti 12, ukinzani ni omu 6.86 na nguvu ni wati 21. Usijaribu kuupata ukinzani huo kwa kupima balbu iliyozimwa, kwa maana uzi wake ukiwa baridi huenda ukasoma chini ya omu 1, nawe utapata wati za kutisha ambazo hazipo.

Na ukishamaliza ampea, urudishe waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujagusa kitu kingine chochote. Kugeuza kitufe cha katikati pekee hakutoshi, kwa sababu waya ukibaki kwenye tundu la 10A, mita bado ni njia nyeupe ya umeme hata kama kitufe kinaonyesha volti.