Kabla Hujachagua Nchi, Uliza Kibali Kitakuwa Mkononi mwa Nani

Wadogo zangu mnaomaliza uuguzi Bugando, mnaotoka VETA na vyeti vya umeme na uchomeleaji, na ninyi mliosoma uhasibu au kompyuta pale Nyegezi na sasa mnawaza kwenda kufanya kazi nje, naomba tuzungumze kwa utaratibu. Karibu kila anayenijia huanza kwa kuuliza ni nchi gani inayolipa vizuri zaidi kati ya Uingereza, Kanada, Australia, Ayalandi na Marekani. Nilifanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea Mwanza, na swali ambalo ningependa kila mmoja wenu alitangulize ni jingine kabisa: nikishafika huko, kibali changu kitakuwa mkononi mwangu au mkononi mwa mwajiri?

Nchini Uingereza kibali cha kazi hufungwa kwa mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni. Mwajiri huyo akinyang'anywa leseni, au akikuachisha kazi, kwa kawaida hupewi zaidi ya siku 60 za kumpata mdhamini mwingine, na usipompata unapaswa kuondoka. Nimewaona watu wazima wenye familia, waliokwenda kulea wazee majumbani, wakivumilia zamu ambazo hawakulipwa na wakinyamaza mbele ya matusi, kwa sababu walijua kwamba anayewatukana ndiye aliyeshikilia viza yao. Hayo hayamaanishi kwamba Uingereza ni nchi mbaya, kwani hospitali nyingi za umma huwatunza vizuri wauguzi wao. Yanamaanisha kwamba huko mwajiri unayemchagua ana uzito kuliko mji unaouchagua, na kwamba mkataba unapaswa kusomwa mstari kwa mstari kabla ya kutiwa saini, hasa kile kipengele kinachoeleza kiasi utakachodaiwa iwapo utaacha kazi mapema.

Masharti ya huko yamebadilika sana katika muda mfupi. Tangu tarehe 11 Machi 2024 walezi wa wazee wanaoingia upya hawaruhusiwi kufuatana na mwenzi wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi umefungwa. Siku hiyohiyo kiwango cha ujuzi kilipandishwa hadi ngazi ya shahada kwa kazi nyingi, jambo lililowaacha nje mafundi wengi wenye vyeti vya ufundi pekee. Kwa hiyo mtu anayekuuzia leo, hapa Mwanza, nafasi ya kwenda kulea wazee Uingereza anakuuzia kitu ambacho hakipo. Hata kipindi cha kusubiri ukaazi wa kudumu, ambacho kwa kazi nyingi kimekuwa miaka 5, serikali yao ilitangaza Mei 2025 kwamba inakusudia kukifanya miaka 10.

Kwa upande wa mapato, muuguzi anayeanza katika hospitali za umma za Uingereza alipangiwa takribani pauni 31,000 kwa mwaka wa fedha wa 2025/26. Ukiondoa kodi, bima ya taifa na pensheni, zinabaki karibu pauni 2,000 kwa mwezi, na nyumba ya chumba kimoja jijini London inaweza kumeza zaidi ya nusu ya fedha hizo. Miji midogo ya kaskazini ina nafuu kubwa, na kiwango cha mshahara ni kilekile, isipokuwa nyongeza ya London.

Kanada imejengwa kwa namna nyingine. Mfumo wake wa Express Entry, ulioanza Januari 2015, humpa mwombaji alama kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, na anayechaguliwa huingia nchini akiwa tayari ni mkaazi wa kudumu. Mtu huyo anaweza kubadilisha mwajiri siku yoyote bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na huo ndio uhuru ninaouzungumzia. Uhuru huo una gharama zake. Mwombaji wa njia ya kawaida asiye na kazi ya kumsubiri lazima aonyeshe akiba, ambayo kwa mtu mmoja sasa ni zaidi ya dola 15,000 za Kanada, na fedha hizo haziwezi kuwa za mkopo, iwe wa benki au wa kikoba. Alama za umri huwa kamili kati ya miaka 20 na 29, kisha hupungua mwaka hadi mwaka. Vilevile, tangu tarehe 25 Machi 2025 barua ya ajira haiongezi alama katika mfumo huo, hivyo msikubali kuuziwa barua za aina hiyo kwa ahadi kwamba zitawapandisha alama.

Hata hivyo, ukaazi wa kudumu hauji na leseni ya taaluma. Muuguzi anayetua Kanada bila kusajiliwa na bodi ya jimbo anaweza kukaa muda mrefu akifanya kazi nyingine huku akikamilisha usajili, ilhali anayekwenda Uingereza huanza na baraza la wauguzi la huko, yaani NMC, hufanya sehemu ya kwanza ya mtihani kabla ya kusafiri, na akifika hupewa nafasi ya kufanya sehemu ya vitendo. Kwa sababu hiyo sitoi jibu moja kwa watu wote. Mhasibu au mtaalamu wa kompyuta mwenye umri chini ya miaka 30 na akiba yake mwenyewe ningemwelekeza Kanada bila kusita. Muuguzi asiye na akiba kubwa ningemwambia aitazame Ayalandi kabla ya Uingereza, kwa sababu wauguzi waliosajiliwa wamo katika orodha yao ya ujuzi adimu, mwenzi wa ndoa anaruhusiwa kufanya kazi, na baada ya miaka 2 mtu anaweza kuomba hadhi inayomwezesha kufanya kazi bila kibali cha mwajiri. Ni nchi ambayo vijana wetu huisahau, nami nasikitika kila ninapoona hivyo.

Fundi umeme au mchomeleaji mwenye uzoefu aitazame Australia pia, lakini ajue kwamba ujuzi wake utapimwa na chombo cha fani yake kabla ya kuomba, na kwamba viza za alama zinataka mtu awe chini ya miaka 45 anapoalikwa. New Zealand imeweka ukomo wa miaka 55 kwa ukaazi wa wenye ujuzi. Marekani siwashauri kuijengea mpango wote: viza ya H-1B ya wataalamu ina nafasi mpya 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, tena waombaji wakizidi nafasi hizo mchujo unafanyika, na masharti yake hubadilika kwa amri ya rais.

Sasa nije kwenye suala la mawakala, ambalo linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu nimejionea familia za Sengerema na Magu zikiuza ng'ombe ili kulipia safari ambayo haikuwahi kuwapo. Tanzania ni miongoni mwa nchi 55 zilizoorodheshwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza waajiri na mawakala wao kuja kusaka wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi mwenyewe haruki sheria yoyote akituma maombi moja kwa moja kwa hospitali iliyotangaza nafasi. Kinachokatazwa ni kufuatwa. Basi mtu akikodi ukumbi Kirumba au Nyamanoro na kutangaza kwamba anaajiri wauguzi kwa ajili ya hospitali za Uingereza, ama haijui kanuni, ama anaivunja, na kwa vyovyote hafai kushika pasipoti yako wala fedha zako. Kwa kazi nyingine, mwombe wakala akuonyeshe kibali chake, kisha uthibitishe mwenyewe kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Karatasi zenu zianze kushughulikiwa leo, hata kama nchi haijachaguliwa. Huku kwetu Kanda ya Ziwa ni kawaida mtu kuwa na jina la ukoo kwenye cheti cha kidato cha nne, jina la ubatizo mbele kwenye kitambulisho cha NIDA, na jina la babu limeongezwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Hapa nyumbani hakuna anayeshangaa, lakini ofisa anayepima vyeti Toronto au Dublin ataona watu watatu. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa huondoa tatizo hilo, ila huchukua muda, na barua ya baraza la taaluma inayothibitisha mwenendo wako nayo huchukua muda. Mtihani wa lugha usidharauliwe: NMC hudai alama 7 za IELTS, yaani mtihani wa Kiingereza, katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Alama za vidole za viza huchukuliwa Dar es Salaam, kwa hiyo nauli na malazi viingie kwenye bajeti.

Mwisho, wanaokusudia kurudi wapime nchi kwa masharti ya kurudi pia. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi kama raia anavyoimiliki, hivyo mwenye kiwanja Buswelu asikimbilie kiapo cha uraia wa nchi nyingine bila kulipima hilo. Kwa wengi ukaazi wa kudumu unatosha. Lakini mkaazi wa kudumu wa Kanada anatakiwa kuwa amekaa nchini humo siku 730 katika kila miaka 5, na ukaazi wa kudumu wa Uingereza hupotea kwa kawaida mtu akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miaka 2 mfululizo. Anayepanga kurudi Mwanza kwa miaka 3 kumuuguza mzazi, au kusimamia ujenzi, ataupoteza ukaazi wa Uingereza akikaa huku miaka hiyo yote bila kukatisha, lakini wa Kanada anaweza kuulinda, mradi miaka 2 iliyobaki katika hiyo 5 awe ameiishi huko.