Kiota kimya sio kiota kitupu

Kazi yetu ni kutazama viota vya tai kabla baisani (nyati wa Amerika) hawajaswagwa karibu navyo kwa helikopta na farasi. Jana nimemsikia kijana kwenye redio, akiwaambia waswagaji "kiota hakina ndege, piteni tu", baada ya kutazama dakika kumi. Moyo ulinishtuka kwa sababu maneno hayo hayo nilishayasema mimi. Wadogo zangu nisikilizeni.

1. Umbali. Helikopta futi 1,000 kutoka kiotani, wa farasi na kwadi (pikipiki za magurudumu manne) mita 200 kama tai anawaona. Chora kwenye ramani kabla farasi hawajatandikwa. Na msiniambie tai kichwa-cheupe alishatolewa kwenye orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini 2007, sheria ya 1940 ya kumlinda ipo palepale, kumsumbua ni kosa.

2. Miaka ile baisani bado wanaswagwa kutoka Horse Butte, kule Montana, kurudi hifadhi ya Yellowstone, mwisho 15 Mei, kisa hofu ya kuwaambukiza ng'ombe brusela, ugonjwa unaoharibu mimba. Sasa Mei ndio makinda wa tai wana manyoya laini tu, hawawezi kujipasha joto wenyewe, mama asipowafunika baridi inawamaliza. Hayo nilikuwa nayajua, niliyasoma, nilifaulu mtihani. Zamu yangu ilikuwa kukagua kiota kimoja karibu na ziwa Hebgen, upepo unachapa, theluji inaingia kwenye darubini, vidole vimekufa ganzi, na wenzangu wananiuliza kwenye redio kila dakika tupite au tusipite. Nikatazama robo saa sikuona kichwa, nikasema kitupu. Kumbe mama amelala bapa amewafunika wanawe. Helikopta ilipokata kona akaruka, nikaona kinda limeinua shingo, nikapiga kelele kwenye redio rudini rudini lakini nani anasikia na mngurumo ule. Dakika 38 mama yuko nje ya kiota! Nilizihesabu zote, na kunguru wawili wameshatua kwenye tawi la pili. Alirudi, akalala tena, nikajipa moyo. Siku ya tatu hakuna aliyeleta samaki, hakukuwa na kinda wa kulishwa tena. Ripoti niliiandika mwenyewe, kwenye sababu nikaweka: mtazamaji aliharakisha. Nililia ndani ya gari mpaka giza likaingia.

3. Kwa hiyo mimi sasa natazama kiota kwa muda wa saa mbili nzima. Mtafute na dume, mara nyingi yuko mti wa jirani. Usiende kuchungulia chini ya mti.

4. Mkuu wa msafara akikuharakisha mwambie bado, basi. Tangu uamuzi wa gavana wa Montana wa 2015 baisani wanaruhusiwa Horse Butte mwaka mzima, lakini kuswaga kwenye mpaka wa eneo wanaloruhusiwa kupo na viota vipo. Kuna mzee mmoja wa farasi, nilimwambia bado akashuka, akalegeza tandiko, akala mkate wake taratibu, baisani nao wakaendelea kula majani, hakuna aliyekufa kwa kusubiri. Ningempata yeye mwaka ule.

Kesho saa kumi na moja alfajiri niko kwenye kilima na darubini, anayetaka kujifunza aje, avae soksi mbili.